Ngamani

Siku ya kwanza redio ilisema: upepo mkali,
mawimbi ya mita nne, vyombo vidogo visitoke.
Bakili akaigunia redio kama anavyonigunia mimi,
akaipiga kofi, akaizima.
Kimbunga kimepewa jina la kike.
"Si unaona," akasema.
Nikaona.

Tumejibanza ghuba ya Mikindani, mikoko huku na huku,
mashine ya silinda mbili imezimwa kuokoa dizeli,
na chini yetu mifuko mia mbili ya saruji
ya tajiri mmoja wa Kilwa Masoko
ambaye hupiga simu kila baada ya magharibi
kuuliza hali ya saruji.

Sisi hatujaulizwa.

Nyumba yetu ina urefu wa hatua kumi na moja.
Nimezihesabu usiku, miguu mitupu,
kutoka jiko la mkaa la tezini
hadi ulipofungwa mnyororo, omo,
na kurudi.
Ukinuna hapa huna mlango wa kubamiza.
Ukitaka kulia peke yako, subiri mvua ipige turubai,
nayo inapiga, alhamdulillahi.

Siku ya tatu tuligombana kuhusu chumvi.
Haikuwa chumvi.
Ni kiwanja cha Mangamba,
kile alichokiuza bila kuniambia
akanunua hii mashine yenye kikohozi.
Miaka sita sikukitaja.
Nilikitaja nikiwa nimeshika mwiko,
ugali wa muhogo umeanza kushika sufuria,
naye akanisikiliza hadi mwisho
kisha akashuka ngamani kufua maji
kwa ndoo ya rangi iliyokatwa mdomo.
Nikasikia: chota, mwaga. Chota, mwaga.
Saa nzima.
Maji hayakuwa mengi kiasi hicho.

Siku ya tano unyevu uliifikia saruji.
Mifuko ya chini kabisa, inayogusa mbavu za chombo,
ilianza kukakamaa pembeni kama kisigino cha kiangazi.
Bakili aliigonga kwa kifundo cha kidole, mmoja mmoja,
kama anayechagua tikiti sokoni.
"Kumi na minne," akasema. "Imekuwa mawe."
Simu ilipolia hakuigusa.
Nilipokea mimi.
Nikamwambia tajiri hali ni nzuri, inshallah,
na Bakili akanitazama kwa muda,
kama mtu aliyerudishiwa chenji zaidi.

Usiku wa sita upepo uligeuka.
Taa za mji, zilizokuwa kushoto kwetu siku zote,
zikaanza kutembea.
Taa hazitembei. Ni sisi.
Nanga ilikuwa inakokota tope,
nikausikia mnyororo ukisaga meno.

Hatukusemezana.
Nilishuka nikashika kichwa cha mfuko, yeye akashika miguu,
kilo hamsini zilizokataa kuwa unga,
tukaupandisha kama maiti ya mtu tuliyemjua,
tukaukaza kamba njia panda, mafundo mawili,
na mwingine, na mwingine, hadi minne,
tukaisukuma majini kwenye amari ya akiba.
Kamba ilipokwenda ilikwenda na ngozi ya kiganja changu.
Chombo kikasita. Kikavuta.
Kikavuta tena.
Kikasimama.

Na zile taa.

Tulikaa pale pale, tumelowa, tunatweta.
Marehemu mama alikuwa akisema:
enda tezi na omo, marejeo ni ngamani.
Nilidhani ni maneno ya kumsuta mtu.

Bakili alikichukua kiganja changu, akakipaka grisi ya mashine,
maana dawa nyingine hatuna,
akasema bila kuniangalia:
"Kile kiwanja kilikuwa na mkorosho."
"Miwili," nikasema.
"Miwili."
Akaendelea kupaka, hata pasipo na jeraha.

Asubuhi redio ikasema bado siku tatu.
Nikawasha jiko, mkaa mbichi, moshi mtupu.
Kopo la chumvi limebaki na chembe za kukwangua.
Nikazitia zote.